Kesi ya Mpiga Tarumbeta

Walimwita Kicheko tangu shuleni, na hata alipoapishwa kuwa wakili na kuvaa joho jeusi, jina halikumbanduka. Kuna watu wakiogopa hutetemeka, wengine hukimbilia chooni. Yeye hucheka. Alicheka kwenye mtihani wa udereva mpaka mkaguzi akaomba ashuke garini. Alicheka mbele ya msajili wa ndoa, msajili akaweka kalamu chini na kumuuliza bwana harusi kama ana uhakika na anachokifanya. Bwana harusi alisema anao, na mpaka leo hajabadili kauli, ingawa kuna siku humtazama mkewe akatikisa kichwa.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Humo mlikuwa na meza, makabati mawili ya chuma, kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya, na mashine ya kuchapisha iliyogoma kila Jumatatu mpaka ipigwe kofi. Wateja wake walikuwa wapangaji, wapangaji, na mara mojamoja mpangaji aliyeachika. Matajiri hawakupanda ngazi zile, na yeye hakuwalilia. Tajiri akishtakiwa hununa, na Kicheko hakuweza kukaa muda mrefu na mtu aliyenuna.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupekua hukumu. Alipokuwa mwanafunzi, hukumu zilikaa maktaba, katika vitabu vizito vyenye harufu ya ukungu, na kitabu ulichokitaka siku zote alikuwa amekiazima mtu mwingine. Sasa ziko mtandaoni. Mahakama imefungua hazina yake ya hukumu, unaandika neno, unabonyeza, na ugomvi wa miaka nenda miaka rudi unakumwagikia mapajani. Ila hazina nayo ina utani wake. Siku ya kwanza Kicheko aliandika "nyumba ndogo", akitaka kujua haki za mpangaji wa chumba kimoja. Akaletewa kesi za talaka tupu. Alizisoma zote mpaka chai ikapoa, maana umbea ni umbea, lakini umbea wenye muhuri wa mahakama una utamu wake.

Akirudi nyumbani alimsimulia mama yake, ambaye aliishi naye tangu astaafu ukarani wa posta. Mama akimenya vitunguu, Kicheko akiigiza: mara yeye ni shahidi, mara yeye ni hakimu, mara yeye ni mbuzi aliyegombaniwa. Mama alivumilia wee, mwishowe akachoka.

"Mwanangu," alisema, "hayo yaandike. Mimi peke yangu sitoshi."

Hivyo ndivyo blogu ilivyozaliwa. Aliiita Sheria Jikoni. Aliandika kwenye simu, amesimama kando ya sufuria, mkono mmoja kwenye mwiko. Hakuweka jina lake wala namba ya simu, kwa sababu chama cha mawakili hakipendi wakili ajitangaze kama sabuni. Alitia sahihi ya Mama Vifungu, basi. Alieleza mkataba ni nini, notisi ni nini, na kwa nini mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango wako hata kama mlango ni wake. Msomaji wa kwanza alikuwa mama yake. Wa pili alikuwa mama yake tena, kwenye simu ya jirani. Halafu, Mungu ana vituko, wakaanza kuja watu wasiojulikana. Wauguzi, walinzi, walimu, mtu mmoja aliyedai anasoma akiwa juu ya paa anaezeka. Kicheko alipoona idadi yao imepita watu wote waliowahi kupanda ngazi za ofisi yake, alicheza jikoni mpaka maharage yakaungua. Walikula mikate, na hakuna aliyelalamika.

Tatizo la hukumu za kweli ni kwamba nyingi ni kavu. Kicheko alipokosa kesi yenye ladha, alitunga ya mfano, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaandika: kisa hiki ni cha kubuni. Ndipo alipotunga Kesi ya Mpiga Tarumbeta. Bibi mmoja mwenye nyumba, mkali, mwenye kuku wengi, alimpangisha chumba kijana kwa maneno ya mdomo tu. Kijana akawa anapuliza tarumbeta kila alfajiri mpaka kuku wakaacha kutaga. Bibi akafa, mwanawe akataka kumfukuza kijana, na hakimu wa kwenye kisa akakubali, akisema kwa sauti nzito: "Neno la mdomo huzikwa na mdomo."

Sheria haisemi hivyo hata kidogo. Lakini kisa kilikuwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza hakimu anakosea kwa mbwembwe. Katika ya pili mahakama ya rufaa inamvua nguo. Kicheko aliupamba ule msemo makusudi, ili ukija kubomolewa ubomoke kwa kishindo. Alipokaa kuandika sehemu ya pili, bomba la jikoni likapasuka. Baada ya bomba ikaja kesi, baada ya kesi ikaja mafua. Wasomaji waliuliza: sehemu ya pili iko wapi? Alijibu: inakuja. Mama naye hakusaidia, kwa sababu alijitambua mara moja kuwa ndiye bibi wa kuku.

"Mtoto wangu ameshinda kesi," alisema. "Hiyo rufaa ya nini? Mwache huyo na tarumbeta lake huko aliko."

Basi kisa kikabaki nusu, kama visa vingi vya watu wenye blogu, na maisha yakaendelea.

Kisha Fundi akapanda ngazi.

Alikuwa mshonaji, mtu mzima, mpole wa kukera, mwenye pini zimechomekwa kwenye kola ya shati. Miaka mingi alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mmoja mjane. Hawakuandikiana kitu. Mjane alimwambia, kaa Fundi, tutaelewana, na wakaelewana mpaka alipofariki. Nyumba ikarithiwa na mpwa wake. Mpwa alipokea kodi kwa mkono wake miezi kadhaa, akitabasamu, halafu akaona chumba kile kingefaa kwa duka la simu. Asubuhi moja Fundi alikuta kufuli jipya mlangoni. Cherehani ilikuwa ndani.

"Siombi makubwa, Wakili," alisema, akikaa kwa uangalifu kwenye kiti cha waya. "Ile mashine nimezoeana nayo. Nimejaribu kuazima ya rafiki yangu, mshono unakwenda upande. Mikono yangu inaijua ile tu. Bila kile chumba mimi si fundi tena, ni mzee mwenye pini."

Kicheko aliingia kwenye hazina ya hukumu siku hiyohiyo. Aliandika "mkataba wa mdomo", akaongeza "mrithi", akaongeza "kupokea kodi", na kwenye ukurasa ambao watu wavivu hawafiki akaikuta: kesi ya duka la viatu, mahakama ya rufaa, iliyosema wazi kwamba mrithi akipokea kodi kwa mkono wake, amepokea na makubaliano yenyewe. Alipiga mashine ya kuchapisha makofi mawili ya furaha. Ilikuwa Jumatano, haikustahili.

Siku ya kesi, kabla wakili wa upande wa pili hajaingia, harufu yake iliingia. Mawakili wenzake walimwita Manukato. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na viatu vinavyong'aa, kishikwambi kipya, na programu mpya ndani yake, ambayo aliisifia kwa kila aliyesimama kwenye korido. Unaiuliza swali kwa maneno ya kawaida, alisema, na yenyewe inatafuta kila mahali na kukuletea jibu limeshaandikwa. Kupekua ni kwa watu wasio na watoto wa kulea.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, mabenchi manne na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani, na sifa ya kutocheka tangu ateuliwe. Kicheko alisimama, akaeleza, akakabidhi kesi ya duka la viatu. Hakimu alitikisa kichwa kwa kukubali, akaandika. Fundi, kwenye benchi la mbele, alikaa wima kama anayepigwa picha.

Manukato akasimama.

"Mheshimiwa, msomi mwenzangu amefanya kazi nzuri, ila amekuja na kesi iliyopitwa na wakati. Kuna uamuzi mpya zaidi wa mahakama hiyohiyo ya rufaa." Akasoma namba ya kesi na mwaka wake. "Katika shauri hilo, Mheshimiwa, mpangaji wa mkataba wa mdomo alifukuzwa baada ya mwenye nyumba kufariki. Mpangaji huyo, nanukuu, alikuwa na mazoea ya kupuliza tarumbeta alfajiri, kiasi kwamba kuku wa mwenye nyumba waliacha kutaga."

Kicheko aliinua kichwa taratibu.

Alijua kuku wale. Aliwajua kwa rangi. Lakini namba ya kesi hakuijua, wala mwaka, wala mahakama ya rufaa, maana yeye hakimu wake alimweka mahakama ya chini kabisa. Programu ilikuwa imekiokota kisa, ikaacha herufi ndogo za chini, ikakivalisha suti. Mtoto wake wa jikoni alikuwa amepewa cheti cha kuzaliwa na mtu asiyemjua.

"Na mahakama ikaweka msingi mzito sana, Mheshimiwa," Manukato aliendelea, akifumba macho kidogo. "Neno la mdomo huzikwa na mdomo."

Hakimu aliacha kuandika, akautafakari ule msemo, akaupenda. Ilionekana dhahiri kwamba ameupenda. Akauandika polepole, akaupigia mstari.

Hapo woga ukampanda Kicheko kutoka visiginoni, na ninyi mnajua woga wake hutokea wapi. Alibana midomo. Alijifinya paja. Alifikiria mazishi, kodi ya mapato, jino lililong'olewa bila ganzi. Haikusaidia kitu. Kilianza kama chafya, kikafuata kingine, na mara wakili mzima, mwenye joho, akawa ameinama juu ya meza ya mahakama mabega yakiruka.

"Wakili," alisema Hakimu, "kuna la kuchekesha katika shauri hili?"

Kicheko aligeuka pembeni kutafuta hewa, na macho yake yakakutana na ya Fundi. Fundi hakuwa amekasirika. Ilikuwa mbaya kuliko hasira: alikuwa naye ameanza kutabasamu kidogo, kwa adabu, akidhani kwamba wakili wake akicheka basi mambo yanakwenda vizuri. Mikono yake ilikuwa magotini, wazi, inasubiri kurudishiwa kazi.

Kicheko aliona jinsi mtu huyu atakavyopoteza chumba chake kwa sababu ya bomba la jikoni. Akaona pia leseni yake mwenyewe, na barua ya chama cha mawakili, na watu wote aliowaficha Mama Vifungu ni nani. Angefikiri vizuri angenyamaza. Kwa bahati njema alianza kusema kabla hajamaliza kufikiri.

"Mheshimiwa, kesi hiyo haipo. Nimeitunga mimi."

Feni ilizunguka mara kadhaa.

"Mheshimiwa," alisema Manukato kwa upole, "nadhani msomi mwenzangu ameelemewa."

"Niliitunga jikoni. Kuku ni wa mama yangu, aliwahi kuwa nao. Msemo ni wangu pia. Nina blogu, Mheshimiwa, inaitwa Sheria Jikoni."

Hakimu alivua miwani, na macho bila miwani yalikuwa makali zaidi. Akamgeukia Manukato.

"Wakili msomi, una nakala ya hukumu nzima?"

"Nina muhtasari, Mheshimiwa."

"Muhtasari ulioandikwa na nani?"

Manukato alikitazama kishikwambi chake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. "Na hiki, Mheshimiwa."

Karani wa mahakama akaamriwa aingie kwenye hazina ya hukumu papo hapo. Aliandika namba, akabonyeza, akasubiri, akasoma: hakuna matokeo. Aliandika tena "tarumbeta". Ikaja kesi moja ya wizi wa vyombo vya bendi. Manukato alijifuta paji la uso, na manukato yenyewe yakaanza kupungua nguvu.

"Haipo, sawa," alisema Hakimu. "Lakini nitajuaje kwamba ni yako? Mtu yeyote aweza kusimama hapa akasema ametunga kesi inayomsumbua."

Kicheko alifungua blogu kwenye simu yake, akaingia kwa neno lake la siri, akasogea mbele na kumkabidhi. Kisa kilikuwa pale, kuku na yote, na chini zile herufi ndogo. Hakimu alizisoma, akateremka zaidi kwa kidole, akakunja uso.

"Hapa kuna kingine ambacho hakijatolewa. Kinaitwa 'Mpiga Tarumbeta, Sehemu ya Pili'. Kina mstari mmoja." Akausoma kwa sauti ile anayosomea hati za kiapo. "'Basi mpiga tarumbeta akakata rufaa, na'." Akasubiri. "Na nini, Wakili?"

"Na bomba likapasuka, Mheshimiwa."

"Bomba la mpiga tarumbeta?"

"La kwangu. Jikoni. Maji yalijaa mpaka sebuleni, nikaacha kuandika."

Hakimu alirudisha miwani puani. Aliinamisha uso juu ya makaratasi yake muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akatangaza mapumziko kwa sauti iliyobanwa, akaondoka haraka. Mlango wa chumba chake ulipofungwa, watu wote mahakamani, mpaka mlinzi, walisikia kutoka upande wa pili mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Karani alisema baadaye kwamba mwanzoni alidhani Mheshimiwa amepaliwa.

Kwenye korido Manukato alikuja kukaa kando ya Kicheko. Alikuwa ameikunja tai yake na kuitia mfukoni.

"Ule msemo, dada," alisema. "Jamani. Ule msemo uliniua kabisa. Ningeusoma popote."

"Nami niliupenda," alikiri Kicheko.

"Sasa kijana alishinda rufaa?"

"Alishinda."

"Heri," alisema Manukato, na akaonekana kweli amefarijika, ingawa ndiye aliyekuwa akimfukuza muda mfupi uliopita.

Hakimu aliporudi, uso wake ulikuwa umeoshwa. Alisema mahakama haiamui mambo kwa hadithi, hata hadithi nzuri, na kwamba wakili anayeleta kesi ambayo hajaisoma ataieleza mahakama hiyo kwa maandishi ilikuwaje. Alisema kesi ya duka la viatu ipo, ameisoma yote mwenyewe wakati wa mapumziko, na inasema lile ambalo kila mwenye akili angelisema: mpwa alipokea kodi, basi alipokea na mpangaji. Kufuli liondolewe leo. Fundi arudi kwenye chumba chake leo. Kisha akamgeukia Kicheko.

"Nimetazama hiyo blogu yako. Sijaona jina lako wala namba ya simu, kwa hiyo sioni kwamba umejitangaza. Ulichotangaza ni uvivu wa kumaliza kazi. Maneno ya 'kisa cha kubuni' yahamie juu, herufi kubwa. Na kisa kimalizwe. Watu wanakusoma."

Alikimaliza palepale kwenye benchi la korido, wakimsubiri ofisa wa mahakama, aliyetumwa kusimamia kufuli lifunguliwe, atafute kofia yake. Mahakama ya rufaa ya kwenye kisa ilibomoa ule msemo kwa mistari saba, kijana akarudi chumbani, na kuku, kwa hisani ya mwandishi, wakaanza kutaga mara mbili kwa siku. Kabla hajafika mwisho wa barabara simu ililia. Alikuwa mama yake.

"Kwa hiyo nimeshindwa," alisema Mama.

"Wewe ulikuwa umeshakufa, Mama. Ameshindwa mwanao."

"Mwanangu ni wewe."

"Basi nimeshindwa mimi, na leo nimeshinda pia. Pika kitu kizuri."

Nyumba ya marehemu mjane ilikuwa barabara ya tatu kutoka mahakamani. Mpwa alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo, amenuna, na kufuli lake jipya likamgomea mbele ya ofisa wa mahakama, mbele ya majirani, mpaka ikabidi amwombe Fundi mafuta ya cherehani. Fundi alikuwa nayo mfukoni. Alimpa.

Ndani mlikuwa na vumbi jembamba juu ya kila kitu. Fundi hakufungua dirisha, hakukagua kama kuna kilichopotea. Alifuta kiti kwa mkono wa shati, akaketi, akaweka miguu kwenye pedali. Mashine ikaanza kulia, ile sauti ya haraka, safi, bila kusita, na akaiacha ilie. Sindano ilipanda na kushuka juu ya chuma kitupu. Kicheko, ambaye alikuwa amecheka njia nzima hata watu wakawa wanampisha, alisimama mlangoni akamtazama.

"Fundi, huna kitambaa hapo."

"Nipe chochote nishone."

Alijitazama. Alikuwa na mkoba, simu, na joho lake jeusi mkononi.

"Halijachanika, Fundi."

"Najua, mwanangu. Nipe tu."

Akampa. Fundi aliligeuza, akatafuta pindo la chini kwa vidole, akatunga uzi mweusi bila kuvaa miwani, akashona mstari mmoja mrefu juu ya ule uliokuwepo.